Mti wa uani umetoa vidole vya rangi ya chungwa kwenye matawi baada ya mvua, niukate au niuache?

mjukuu_wa_makete

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi wa miti, hasa mliopo huku Marekani. Mi nipo Kentucky, nje kidogo ya Louisville, nyumba tuliyonunua ina uwanja wa maana na kwenye fensi ya nyuma kuna safu ya ile miti ya kijani mwaka mzima inayofanana na miti ya krismasi, watu wa huku wanaiita mwerezi mwekundu, ni ya asili ya hapahapa, inajiotea yenyewe kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyotelekezwa.

Sasa kipindi cha baridi nilikuwa naona kwenye vitawi vyake kuna vinundu vya kahawia, vigumu, vina vishimo vishimo juu yake, vingine vidogo kama harage vingine vinafika sentimita nne tano hivi, nikajua ndo matunda yake basi sikujali. Juzi mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi natoka kutupa taka nakuta kila kinundu kimechomoza vidole vya utelezi rangi ya chungwa inayowaka, vinaning'inia kama mikono ya pweza, ukigusa vinateleza, mti mzima umejaa. Wife kapiga kelele anataka tuite watu wa miti leo leo.

Shida yenyewe ni kwamba nina mitufaha miwili nimeipanda upande wa pili wa uwanja, na mwaka jana majani yake yalitoka madoa ya njano mpaka mengine yakapukutika kabla ya wakati. Shemeji yangu anasema hivi vitu viwili ni ugonjwa mmoja na dawa ni kuangusha mierezi yote. Nimeulizia bei ya kukata, wakuu ni hela ndefu.

Maswali yangu: hiki kitu ni nini, kinaua mti? Shemeji yuko sahihi? Alafu nilikuwa na mpango nikienda nyumbani mwezi wa saba nimbebee mzee miche michache ya huu mti, ni mzuri kwa fensi na kule Makete baridi ipo ya kutosha, sasa naogopa.

mpakanjia

Mkuu hama hiyo nyumba 😂😂 mti unaota vidole halafu unauliza kama uukate

bwanashamba_ohio

Hebu tuache utani tumsaidie mwenzetu. Mi nimesoma magonjwa ya mimea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, na sasa nipo Ohio, hivyo vidole navikuta kila masika.

Hiyo ni kutu. Sio kutu ya bati, ni fangasi wa kundi lilelile linaloleta kutu ya kahawa na kutu ya ngano. Huyu wako kitaalamu anaitwa Gymnosporangium juniperi-virginianae na mti wako ni Juniperus virginiana, yaani pamoja na kuitwa mwerezi hauna undugu wa karibu na ile mierezi ya Lebanoni ya kwenye Biblia, ndugu yake wa damu ni mtarakwa wa kwetu ule wa Usambara, Meru na kule Aberdare.

Shemeji yako nusu yuko sahihi. Huyu fangasi hawezi kumaliza maisha yake kwenye mti mmoja, lazima apite kwenye miti miwili ya ukoo tofauti kabisa, mwerezi mwekundu na mtufaha (au ndugu za mtufaha, ile mitufaha midogo ya mapambo wanayopanda sana huku kando ya barabara inamkaribisha vizuri mno). Anavyoenda ni hivi. Masika, mwezi wa nne na wa tano kwa huko Kentucky, kile kinundu kikilowa mvua kinatoa hivyo vidole, na kila kidole kimejaa spora, yaani vile vijimbegu vya fangasi. Ute ule ndo unazisaidia zikae na unyevu zichipue hapohapo, kisha zinazaa spora nyingine ndogo nyepesi ambazo upepo unazibeba. Zikitua kwenye jani changa la mtufaha na jani likabaki limelowa kwa saa nne mpaka sita hivi, na hali ya hewa sio ya baridi kali, basi limeshaingia. Wiki moja mbili mbele unaona kidoa cha njano juu ya jani, kinakua, kinageuka rangi ya chungwa na katikati kuna vitone vyeusi vidogo sana. Hayo ndo madoa yako ya mwaka jana.

Haiishii hapo. Ikifika mwezi wa saba wa nane geuza jani uangalie chini yake palepale penye doa, utakuta vimirija vidogo vimesimama kama ndevu. Humo kuna spora za aina nyingine, na hizi zenyewe haziwezi kushika mtufaha hata ukazimwagia ndoo nzima, zinarudi kwa upepo kwenye mwerezi tu. Zinaingia kwenye kitawi mwishoni mwa kiangazi, mwaka unaofuata ndo unaona kinundu kinaanza kuvimba, na masika ya mwaka wa pili ndo kinatoa vidole. Jumla mzunguko mzima ni kama miaka miwili.

Kwa hiyo mtufaha hauambukizi mtufaha mwenzake na mwerezi hauambukizi mwerezi mwenzake. Hilo likae kichwani maana ndo kila kitu kinatoka hapo.

Kuhusu kuua mti, hapana. Kinundu kikishatoa vidole mara kadhaa (kila mvua vinavimba, jua likiwaka vinasinyaa vinakuwa nyuzi za kahawia, mvua ikirudi vinavimba tena, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa) kinakauka na kufa chenyewe, na ncha ya kitawi nayo wakati mwingine inakufa. Mwerezi mkubwa haujali. Anayeumia kweli ni mtufaha, majani yanadondoka mapema, tunda nalo linaweza kupata madoa, na ukishambuliwa kila mwaka mfululizo mti unadhoofika na uzao unashuka.

kata_yote

Maelezo mengi lakini jibu ni lilelile, mwerezi ndo chanzo, ondoa mwerezi ugonjwa umekwisha. Mi ningekata hata leo usiku.

njeri_shenandoah

@kata_yote wewe ungekuwa unaishi huku Virginia ya zamani ungepewa kazi serikalini 😄

Mimi niko upande wa bonde la Shenandoah na huku hii maneno ya kukata miti ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, si mchezo. Mwaka wa 1914 bunge la Virginia lilipitisha sheria ya kutu ya mierezi. Sheria ilisema mwerezi mwekundu wenye huo ugonjwa, au unaoweza kuueneza, ukiwa ndani ya maili 2 kutoka shamba la epo (tufaha), huo mti ni kero kwa umma na unaweza kuamriwa ukatwe. Wenye ardhi kumi au zaidi wa hiyo kaunti walikuwa wanaandika ombi, kisha mtaalamu wa wadudu wa jimbo anakuja anakagua, akiona kweli, anakuandikia barua ukate miti yako, na usipokata anakuja kukukatia.

Sasa kulikuwa na mwenye shamba mmoja anaitwa Miller, mierezi yake ilikuwa ya kupamba boma, akakataa kabisa. Ndio kesi ikaitwa Miller dhidi ya Schoene, huyo Schoene ndiye alikuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo. Ilienda hadi juu na mwaka wa 1928 Miller akashindwa, majaji wote walikuwa upande mmoja. Alipewa dola 100 za gharama ya kukata, akaruhusiwa kubaki na mbao zake, lakini thamani ya miti yenyewe, na thamani ya boma iliyoshuka kwa kuwa limebaki uchi, hakulipwa hata senti. Jaji Harlan Stone aliandika kwamba jimbo lilikuwa limelazimika kuchagua kati ya mali mbili, na hata kama lingekaa kimya bado lingekuwa limechagua, maana epo zingeharibika. Hadi leo wanafunzi wa sheria huku wanasomeshwa hiyo kesi, mimi nimeijulia kwa binti yangu akisomea mtihani.

Maoni yangu? Huyo mzee alionewa. Huyo fangasi anahitaji miti yote miwili, si ati mwerezi ndio mwizi na epo ni malaika. Wangeweza kusema epo ndio zikatwe na mierezi ibaki na ugonjwa ungeisha vilevile. Tofauti ni kwamba epo zilikuwa zinaleta pesa kwa hilo bonde na mierezi haikuwa inaleta.

kata_yote

Si umeona sasa, serikali yenyewe ilikata, tena na mahakama ikabariki. Umenisaidia hoja.

bwanashamba_ohio

@kata_yote soma tena alichoandika dada Njeri, maili 2. Ile sheria ilikuwa inasafisha eneo zima kuzunguka shamba kubwa la biashara, tena kwa nguvu ya serikali, majirani wote wanakatiwa. Huyu ndugu ana safu moja kwenye fensi. Spora nyingi zinatua karibu, mita mia chache hivi, ila zipo zinazosafiri maili kadhaa kwa upepo. Kentucky ile miti imejaa kila mahali penye mawe ya chokaa, ndege wanakula vile vitunda vyake vya bluu wanakwenda kunya mbegu kwenye kila waya wa fensi. Akate yake, ya jirani je? Ya kando ya barabara kuu je? Atakuwa ametoa hela ndefu na madoa yatarudi vilevile, labda yatapungua kidogo mwaka wa kwanza.

Ukiniuliza mimi kukata huo mti ni hasara tupu. Ni mti unaostahimili ukame, unakinga upepo, ndege wanalala humo wakati wa theluji, na mbao yake ndo ile nyekundu yenye harufu wanayotengenezea masanduku ya nguo ili nondo wasiingie. Penseli za zamani za Marekani zilikuwa za mti huu, hadi mji mmoja kule Tennessee unaitwa Shelbyville ukajulikana kama mji wa penseli. Mtarakwa wetu nao ulikuwa unachanwa na kusafirishwa nje kwa kazi hiyohiyo, ndo maana Waingereza waliuita mwerezi wa penseli.

mama_grace_lex

Jambo bandugu. Siye tuko Lexington, ku nyuma ya nyumba yetu iko miti ya vile na batoto banapendaka kuchuma ile vitu ya rangi ya machungwa banachezea, banasema ni bonbon. Inaweza kubagonjesha? Na epo ya ule muti mwenye alama, mutu anaweza kula?

bwanashamba_ohio

Mama Grace karibu sana. Huyo fangasi anaishi kwenye mmea hai tu, tena kwenye hiyo miti yake, binadamu hamgusi wala mbwa hamgusi. Wanawe mikono tu maana rangi inashika kwenye nguo, na wasile, sio kwa sababu ya sumu ila sio chakula. Epo lenye doa unalimenya unakula, ubaya wake ni sura.

mama_grace_lex

Aksanti sana papa, Mungu akubariki.

mjukuu_wa_makete

Wakuu mmenifungua macho kwa kweli, nimemsomea wife kapoa. @njeri_shenandoah hiyo ya mahakama nimemtumia shemeji hajajibu mpaka sasa 😂

Ila leo nimezunguka vizuri nikaona kitu kingine. Mwerezi wa mwisho kule kwenye kona hauna vinundu vya vidole kabisa, ila una tawi moja, tawi lenyewe sio kitawi, nene kama kidole gumba, limevimba katikati halafu huku na huku linarudi wembamba wake wa kawaida. Gome pale kwenye uvimbe limepasukapasuka na kwenye nyufa kumejaa ute wa chungwa, nilivyorudi mchana na jua limeshawaka nikakuta umekauka umekuwa unga. Juu ya hapo majani yameanza kukauka. Ni huyohuyo?

bwanashamba_ohio

Vizuri umeangalia kwa makini, wengi hawatofautishi. Huyo ni mdogo wake. Huku mashariki ya Marekani kuna kutu tatu zinazokaa kwenye mti huo huo.

Wa kwanza ni huyo wa mtufaha tuliyemjadili, kinundu cha mviringo, kikishatema spora masika moja kimekufa. Wa pili ni Gymnosporangium globosum, mwenzake wa pili ni hothoni, kile kimti chenye miiba mirefu na vitunda vyekundu, vinundu vyake vinakuwa vidogo, vidole vifupi vinene, na tofauti kubwa ni kwamba kinundu kilekile kinaendelea kutoa spora miaka mitatu hadi mitano. Wa tatu ndo huyo wako wa kona, Gymnosporangium clavipes, kutu ya kwinsi (tunda ndugu wa tufaha). Huyu hatengenezi kinundu, anaingia ndani ya gome la tawi na kulivimbisha, anaishi humo miaka mingi, kila masika anachomoza kwenye nyufa, na uvimbe ukizunguka tawi lote sehemu ya juu inakauka, ndo hayo majani unayoyaona.

Clavipes kwa upande wa pili anapenda matunda zaidi ya majani. Angalia mtaani kwako kama kuna hothoni, au ile miti ya mapeasi ya mapambo yenye maua meupe yenye harufu mbaya iliyojaa kila kitongoji cha Marekani, mwezi wa sita utaona vitunda vimeota vimirija vyeupe vyenye unga wa chungwa, tunda zima limeharibika, linatisha kuliko hicho kilichomshtua mkeo.

Kwa huyu wa tatu ndo nakwambia shika msumeno. Kata hilo tawi, shuka chini ya uvimbe kama sentimita kumi na tano kuelekea shina mpaka ukute gome safi, mti wote hauna haja ya kuguswa. Ukichelewa akafika kwenye shina kuu hapo tena huna la kukata, unaishi naye.

Vile vinundu vya duara ukipenda vitoe kwa mkasi mwishoni mwa baridi, mwezi wa pili mpaka wa tatu mwanzoni, kabla havijaanza kutoa vidole. Mti mfupi inawezekana, mti wa mita kumi jamani usipande ngazi kwa ajili ya vinundu. Saa hizi vimeshachomoza, ukivikata faida ni ndogo, labda macho ya wife, maana spora zimeshaanza kuondoka.

kahawa_mbozi

Nafuatilia huu uzi nikiwa Mbozi huku. Mi ni mkulima wa kahawa na sisi tuna kutu kwenye majani, unga wa chungwa chini ya jani hivyohivyo. Na sisi kuna mti mwingine porini unaotuletea? Maana kama upo mi naanza nao kesho.

bwanashamba_ohio

Mkuu wa Mbozi weka panga chini kwanza. Kutu ya kahawa, Hemileia vastatrix, mti wake wa pili haujapatikana mpaka leo pamoja na kutafutwa miaka yote tangu ilipomaliza kahawa ya Ceylon kuanzia 1869. Yeye anatoka jani la kahawa kwenda jani la kahawa, mvua na upepo na nguo za wachumaji vinamtosha, kwa hiyo kwako dawa ni aina za kahawa zinazohimili kutu, kupogolea ili hewa ipite, na kupiga dawa kwa wakati.

Ngano ndo ina hadithi inayofanana na hii. Kutu ya shina la ngano ina mti wa pili, kichaka cha beriberi, na Wamarekani walianza kampeni ya kuking'oa nchi nzima mwaka 1918. Kule kung'oa kulisaidia kweli, ila kutu ya ngano yenyewe inaweza pia kutoka ngano kwenda ngano bila kupita kwenye kichaka, ndo maana Ug99, aina kali ya kutu hiyo iliyogunduliwa Uganda miaka ya tisini mwishoni iliweza kusambaa kwa upepo hadi Yemen na Iran. Kutu ya mwerezi haina hiyo hatua ya kurudia palepale, ikikosa mti mmoja imekwama.

kahawa_mbozi

Nimekuelewa sana mkuu. Panga nimerudisha 😂

mjukuu_wa_makete

Sasa ile habari ya miche nani ananijibu? Mzee kule Makete ana mitufaha yake pia, sio mingi, anauza Njombe mjini.

njeri_shenandoah

Ngai! Umesema baba yako ako na epo na unataka kumpelekea hiyo miti?? Soma ulichoandika tena pole pole.

bwanashamba_ohio

Ndugu yangu, hapo nitakuwa mkali kidogo, usibebe. Nimekwambia kinundu kinachukua zaidi ya mwaka mzima ndani ya kitawi mpaka uone kitu cha maana. Mche unaweza kuwa msafi kabisa kwa macho, ukafika Makete, masika ya huko ikautoa vidole mita chache kutoka kwenye mitufaha ya mzee, na ukiangalia kuna mitarakwa ya asili nchini ambayo ni ukoo mmoja na huo mwerezi. Ulaya kutu za aina hii zinazotoka nje wameziweka kwenye orodha ya karantini, hawataki hata kuzisikia, na sababu ni hiyohiyo.

Halafu ni suala la sheria. Kuingiza mche Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Kenya ni KEPHIS. Mche kwenye begi chini ya nguo ukikamatwa unachomwa na wewe una kesi. Kama mzee anataka fensi ya kijani mwaka mzima aende ofisi ya misitu wilayani aulizie miche ya mtarakwa, mti wa nyumbani, umezoea baridi ya milimani.

mpakanjia

Mi nilisema ahame nyumba mkanicheka, kumbe alikuwa anataka kuuhamisha ugonjwa 😂

mjukuu_wa_makete

Miche nimefuta, tena mzee mwenyewe nimempigia akasema "niletee viatu". Na tawi la kona nimelikata kama ulivyoelekeza.

La mwisho mkuu, mitufaha yangu. Moja ni Golden Delicious na nyingine nilinunua imeandikwa Liberty. Golden ndo ilichafuka mwaka jana, Liberty ilikuwa na vidoa viwili vitatu tu, nikajua ni kwa sababu iko mbali na fensi. Maua yanakaribia kufunguka, yameanza kuonyesha pinki. Gereji kuna kopo la kaptani, dawa ya fangasi, aliacha mwenye nyumba wa zamani, nipige?

bwanashamba_ohio

Liberty sio umbali, ni mbegu yake, ilizalishwa iwe inahimili magonjwa na kutu ya mwerezi inaihimili vizuri. Golden Delicious ni moja ya zinazoshikwa vibaya kabisa, pamoja na Jonathan na Rome. Siku ukiongeza miti chukua Liberty nyingine, au Enterprise, au Redfree, utapumzika kununua dawa. Hata Red Delicious, wengi wanaidharau kwa ladha, kwa kutu haina neno.

Kwa hiyo dawa piga Golden peke yake, na wakati ndo huu, pinki ikionekana. Unarudia kila siku 7 mpaka 10, mvua zikiwa nyingi usizidishe nafasi, mpaka wiki chache baada ya maua kupukutika, na vile vidole kule kwenye mierezi vikishakauka moja kwa moja ujue hatari imepita. Angalizo moja, maua yakishafunguka usipige mchana nyuki wakiwa kazini, subiri jioni. Dawa yenye maiklobutanili ndo inafanya kazi vizuri na inapatikana kwenye maduka ya bustani. Mankozebu nayo inakinga, ileile tunayopiga kwenye nyanya nyumbani, ila kwa tufaha masharti yake ni makali, siku 77 kabla ya kuvuna hutakiwi kuigusa, kwa hiyo ni ya mwanzo wa msimu tu. Soma lebo ya kopo ulilonunua, uone kama imeandikwa tufaha na kutu, kisha ufuate kipimo cha hapo sio cha kwangu.

Na madoa yakishatokea kwenye jani usipoteze dawa, jani lililoshikwa halirudi, utakinga mwakani. Ukitaka uhakika zaidi chukua kitawi chenye kinundu na jani lenye doa uweke kwenye mfuko upeleke ofisi ya ugani ya kaunti yako, kila kaunti ya Kentucky inayo, wao wanaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya magonjwa ya mimea ya chuo kikuu cha Kentucky.

Kaptani acha gerejini. Kwa magonjwa mengine ya tufaha ni dawa nzuri, ila kwa kutu haifanyi kitu, na kopo la mwenye nyumba wa zamani hujui limekaa humo tangu lini.